Burne Hogarth, mutoto wa fundi wa mbao aliyechora Tarzan

Bandugu wachimbaji wa Lubunga na wa karieri zote, na bamama wa nyumbani, leo tunaongea habari ya mutu wa kalamu. Mutaniuliza: sendika na michoro, inahusiana nini? Vumilieni kidogo, mutaona.

Batoto wetu huku ngambo ya kushoto wanachora. Mutoto akipata kipande cha makala, ukuta unajaa watu wa vita ambao hajawahi kuwaona: kifua kama ngoma, mikono kama mizizi ya muti, mukuki juu. Kaye ya masomo inajaa vilevile, na papa anakasirika juu ya makuta aliyotoa. Mbele ya kupasua ile kaye, sikieni maisha ya Burne Hogarth.

Alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 25 Desemba 1911. Baba yake alikuwa fundi wa mbao. Huyo papa hakutupa makaratasi ya mutoto. Aliyakusanya, akayachunga, na mutoto alipofika miaka 12 akayabeba mpaka shule kubwa ya sanaa, Art Institute of Chicago, akawaonyesha wakubwa. Wakamukubali mutoto. Lakini baba hakukaa sana, akafa. Burne alikuwa na miaka 15 tu alipoanza kazi ya kuchorea magazeti, ili nyumba ipate kula. Wangapi kati yetu walishuka shimoni kwa sababu ileile?

Baadaye akaenda New York. Mwaka 1937 Hal Foster, aliyekuwa anachora Tarzan kwa magazeti ya siku ya Mungu, aliacha ile kazi, nayo ikamwangukia Hogarth. Mwanzo alifuata mukono wa Foster, wasomaji wasishituke. Polepole akaanza kuchora kwa mukono wake mwenyewe.

Kweli isemwe: Tarzan ni uwongo. Mwandishi wake, Edgar Rice Burroughs, hakukanyaga Afrika hata siku moja, na hadithi yake inamufanya mutu mweusi kuwa mudogo katika pori lake mwenyewe. Sisi wa Tshopo tunaijua pori, haiko vile. Lakini mwili ule ambao Hogarth alichora, huo haukuwa mchezo.

Alianza na mifupa. Juu ya mifupa akaweka nyama ya mwili, moja moja, akijua kila moja inavuta mufupa gani. Mukono ukipanda, ni nyama gani inavimba, na gani inapumzika? Alitaka mwanafunzi aujue mwili mpaka auchore kutoka kichwani, bila mutu kusimama mbele yake: anaruka, anaanguka, anaonekana toka juu ao toka chini. Wengine walimulaumu kwamba watu wake wako sawa vile wamechunwa ngozi, na kwamba hata wakikaa tu nyama zao zimekaza. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini mutu anayepiga mutalimbo anajua kitu: nguvu haitoki mukononi peke yake. Inaanza kwenye muguu, inapita kiunoni, inafika begani, ndipo chuma kinapiga jiwe. Mutoto anayechora mutu wa vita kwa uangalifu anajifunza jambo hilohilo kwa kalamu.

Sasa nafika kwa mambo ya sendika. Mwaka 1945 Hogarth hakuelewana na kampuni iliyogawa michoro yake kwa magazeti. Akaweka kalamu chini, akaenda kutengeneza hadithi yake mwenyewe, Drago. Mwaka 1947 akarudi kwa Tarzan. 1950 akaacha kabisa. Kujua kazi bila kujua haki yako ni nusu ya ufundi.

Mwaka uleule wa 1947, yeye na Silas Rhodes walifungua shule ya wachoraji New York. Walianza na walimu 3 na wanafunzi 35, wengi wao askari waliotoka vitani. Leo ile shule inaitwa School of Visual Arts, na ni kubwa sana. Hogarth akafundisha miaka mingi, na akaandika vitabu vya kufundisha kuchora mwili. Cha kwanza, Dynamic Anatomy, kilitoka 1958. Mwaka 1977 alitoa kitabu kizima juu ya mikono tu. Kitabu kizima! Muangalie yenu, bandugu, na sugu zake, mutaelewa kwa nini.

Wafaransa walimupenda sana. Mwezi wa Januari 1996, muzee wa miaka 84, alifika kwenye sikukuu ya vitabu vya picha huko Angoulême. Kisha akapita Paris, na huko moyo ukasimama, tarehe 28.

Basi, papa wa Lubunga, ukikuta tena mutu wa kifua kikubwa katikati ya hesabu, usipige. Uliza mutoto: hapa ni nyama gani inavuta? Mumuambie akuchore wewe na mpao yako, na ile karatasi uichunge. Na siku atakapochora kibao cha depo ao cha kooperative, mumulipe. Asilipwe sifa tu. Kuchora ni kazi kama kazi zingine, na kazi ina mushahara.