Karani Aliyefungua Mlango wa Nyumba Yake

Wazee wetu wa Tukuyu wanaozikumbuka zama za ukoloni hawana haja ya kuelezwa karani wa boma alikuwa mtu wa namna gani. Alivaa nadhifu, alitunza majalada ya serikali, alizijua siri za watu wengi, na za kwake hakumpa mtu. Marehemu Sheikh Shaaban Robert alikuwa karani wa aina hiyo kwa zaidi ya miaka 30, na ndiyo sababu kitabu chake, Maisha Yangu, kingali kinatushangaza kila tunapokifungua upya.

Alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na Tanga. Nasaba yake ilikuwa ya Kiyao, lakini mwenyewe alijihesabu Mswahili. Jambo hili twalitaja kwa makusudi. Mtoto wa Kinyala anayesema Kinyakyusa jikoni kwa mama yake, kisha akakutana na Kiswahili darasani, hudhani kwamba lugha hii ina wenyewe huko pwani, naye ni mgeni wa kukaribishwa barazani tu. Kumbe hata huyo tunayemwita baba wa fasihi yake alikuwa wa ukoo uliotoka bara.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akaajiriwa katika idara ya forodha, akakaa Pangani na kwingineko. Mwaka 1944 alihamia Mpwapwa, katika idara ya wanyama. Baadaye akarudi Tanga, kwanza katika ofisi ya wilaya, kisha katika upimaji wa ramani. Serikali ilimlipa kwa ukarani. Kusadikika, Adili na Nduguze na mashairi yake hayakuwamo katika kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Lakini tulitaka kusema habari za Amina. Katika desturi za pwani, na hata huku kwetu milimani, mwanamume mwenye heshima hamtaji mkewe mbele ya wageni, sembuse kumwandika kitabuni. Shaaban Robert alimwandika. Alieleza ndoa yao na mapenzi yao, akaeleza jinsi mauti yalivyomwacha mjane mwenye watoto wa kulea, na shairi la maombolezo alilomtungia likabeba jina lake. Kisha akawatungia watoto tenzi mbili, mmoja wa binti na mmoja wa mwana, za kuwausia juu ya dini, kazi, unyumba na adabu. Hayo ni maneno ambayo baba wengi huyasema mlango ukiwa umefungwa, au huyaahirisha mpaka wanakufa nayo. Yeye aliyatia katika kitabu ambacho jirani, mkubwa wake wa kazi na mtu wa Rungwe asiyemjua kabisa wangeweza kukisoma.

Hatusemi kwamba alisema yote. Katika Maisha Yangu mwalimu yu karibu daima, na pengine huingia mapema mno, kabla msomaji hajamaliza kuhuzunika. Mwaka 2002 zilichapishwa barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958. Humo yumo mtu yule yule akiwa hajavaa kanzu ya kutokea: anahangaikia miswada, fedha na mambo ya jamaa. Sisi twazipenda barua hizo, ila hazikipunguzii kitabu thamani. Barua aliandikiwa ndugu mmoja. Kitabu kiliandikwa mbele ya watu wote, na ujasiri wake ndio huo.

Wala hakujihesabu kuwa yeye peke yake ndiye aliyestahili kuandikwa. Aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyetoka Fumba akiuza vyungu, na ukachapishwa 1958. Wako waungwana wa siku zile ambao wasingempa mwanamke wa kazi hiyo hata ukurasa mmoja.

Alifariki Juni 1962, nchi ikiwa na uhuru wa miezi sita tu, akazikwa kwao Machui. Sehemu ya pili ya maisha yake, Baada ya Miaka Hamsini, ilitolewa pamoja na ile ya kwanza mwaka 1966. Kufikirika kilifuata 1967, na Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote 1968. Ndivyo ilivyokuwa kwamba wengi wetu tulianza kumsoma karani huyo wakati yeye amekwisha kulala kaburini.