Carl Linnaeus: Mwanasayansi Ambaye Makabati Yake Sasa Yamefunguliwa kwa Wote

Mwanasayansi Carl Linnaeus, aliyeweka msingi wa utaratibu unaotumika hadi leo kuwapa wanyama na mimea majina ya kisayansi, alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 huko Råshult, kusini mwa Uswidi. Baba yake, mchungaji wa kanisa na mpenzi wa bustani, ndiye aliyemzoesha majina ya mimea tangu utotoni.

Baada ya masomo katika vyuo vikuu vya Lund na Uppsala, alikwenda Uholanzi na mwaka 1735 akachapisha toleo la kwanza la kitabu chake Systema Naturae. Mwaka 1741 aliteuliwa kuwa profesa Uppsala.

Kabla yake, mmea mmoja uliweza kutajwa kwa maelezo marefu ya Kilatini, na kila mtaalamu alikuwa na maelezo yake. Linnaeus aliyafupisha kuwa maneno mawili: kwa mimea mwaka 1753, na kwa wanyama mwaka 1758. Ndivyo mkwaju ulivyoitwa Tamarindus indica, na mbuyu Adansonia digitata, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kufika Afrika. Alitegemea vielelezo na taarifa za wasafiri, wakiwemo wanafunzi wake. Baadhi yao hawakurudi, akiwemo Peter Forsskål, aliyefariki Yemen mwaka 1763.

Wakati wengi walijalidi mimea mikavu kama vitabu, yeye aliibandika katika karatasi moja moja kabatini, ili mmea mpya upate nafasi yake bila kuvuruga mingine.

Linnaeus alifariki tarehe 10 Januari 1778. Mwanawe aliyemrithi alifariki mwaka 1783, na mjane, Sara Elisabeth Moraea, akauza hazina hiyo ili kuitunza familia. Mwaka 1784 ilisafirishwa kwa meli hadi Uingereza, kwa mnunuzi kijana aliyekuwa akisomea tiba, James Edward Smith. Uswidi ikapoteza urithi wake mkubwa wa sayansi, na aliyetaka kuhakiki jina la mmea akalazimika kwenda kwa mmiliki mpya.

Smith alishiriki kuanzisha Chama cha Linnaeus cha London mwaka 1788. Baada ya kifo chake, chama kiliinunua hazina hiyo mwaka 1829 kwa deni lililochukua miongo kadhaa kulipwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilihamishwa nje ya London na kupigwa picha, kwa hofu kwamba bomu moja lingeiteketeza yote.

Leo picha za vielelezo hivyo, pamoja na barua zake, zimewekwa kwenye intaneti bila malipo. Vielelezo vyenyewe vimebaki London, lakini karatasi zilizohitaji safari ya meli sasa zinaweza kufunguliwa na mwanafunzi aliyeko Morogoro, Kisumu au Uppsala kwenyewe, na kulinganishwa na mmea alioushika mkononi.