Jaco Pastorius: Jina Lake Lilipopanda Bei Hakuwapo

Besi ni chombo cha nyuma. Mwimbaji ndiye apigiwaye makofi, mwenye fidla hutazamwa, lakini yule wa besi husimama pembeni akishikilia wimbo usianguke, na watu hurudi nyumbani bila kumwuliza jina. Jaco Pastorius, Mmarekani aliyefariki mwaka 1987, alikataa kukaa huko nyuma. Miaka kumi na miwili baada ya kifo chake kiwanda cha Fender kilianza kuuza gitaa la besi lenye jina lake, wala yeye mwenyewe hakuonja senti moja ya biashara hiyo. Habari zake ni hizi.

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1951 katika mji wa Norristown, jimbo la Pennsylvania, akaitwa John Francis. Baba yake alikuwa mwimbaji na mpigaji ngoma. Jaco angali mtoto, jamaa walihamia Florida wakakaa Oakland Park, karibu na Fort Lauderdale. Huko ni pwani hasa, mahali pa joto na chumvi, ambapo chuma hushika kutu na mlango wa mbao huvimba wakati wa mvua. Msomaji wa Mombasa au Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Tena ni vyema kuikumbuka hewa hiyo, kwani ndiyo iliyomwelekeza kijana huyu katika njia yake.

Kwanza alipiga ngoma kama baba yake. Akaumia kifundo cha mkono katika mpira wa Kimarekani, mkono ukawa hauna nguvu ya kutosha, na bendi yake ilipompoteza mpigaji besi yeye akakishika chombo hicho. Baadaye akatamani ile besi kubwa ya mbao, inayosimamishwa kama mtu mzima na kukumbatiwa. Akadunduliza fedha akainunua. Unyevu wa Florida haukuihurumia: mbao zikapasuka. Ndipo aliporudi kwenye gitaa la umeme, Fender Jazz Bass ya mwaka 1962, ambalo lilikuwa limekwisha tumika.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Leo Fender wa California ndiye aliyelitia gitaa la besi la umeme katika soko mwaka 1951, na kwenye shingo yake akapanga vile vyuma vyembamba vinavyopita mkingamo, ili kidole kikishuka mahali pake sauti itoke sawasawa. Jazz Bass ilifuata mwaka 1960. Vyuma hivyo ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi. Lakini mtu aliyezoea kusikia udi katika taarab anajua wanachoondoa. Shingo ya udi ni tupu, na kidole huweza kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, kikatikisika, kikalia. Gitaa lenye vyuma hupanda ngazi, udi huogelea.

Jaco alitaka gitaa lake liogelee. Wasimulizi hutofautiana kuhusu jinsi ilivyokuwa, naye mwenyewe hakusimulia kisa hicho kwa namna moja siku zote, lakini habari inayojulikana zaidi ni kwamba aliving'oa vyuma kwa kisu cha kupakia siagi, akaziba mifereji iliyobaki. Likazuka tatizo jingine. Nyuzi alizopenda zilikuwa za chuma zenye kukwaruza, na zingeutafuna ubao mara moja. Akaupaka ubao huo tabaka baada ya tabaka za gundi ngumu inayotumiwa na mafundi wa boti. Kama vile kalafati na mafuta yanavyokilinda chombo na maji, ndivyo gundi ile ilivyoulinda ubao na nyuzi. Ikakauka ikawa kama kioo, na sauti ikapata mng'ao na mlio mrefu ambao besi ya umeme haikuwa nao kabla yake. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimekwisha kutoa besi isiyo na vyuma mwaka 1970, lakini sauti hii haikutoka kiwandani. Ilitoka mikononi mwa kijana mmoja mwenye mke na mtoto, aliyekuwa akitafuta riziki katika bendi za Florida.

Mwaka 1976 ulimfungulia milango yote pamoja. Alitoa sahani yake ya kwanza, iliyopewa jina lake tu. Inaanza na wimbo mgumu wa jazi, Donna Lee, unaopigwa kwa besi na ngoma za konga peke yake, jambo ambalo wenye makampuni hawakuwa wamezoea kulihatarishia fedha. Mwaka huo huo akaingia katika kundi la Weather Report, akapiga pia katika sahani ya mwimbaji Joni Mitchell iitwayo Hejira. Mwaka 1977 Weather Report walitoa Heavy Weather, yenye wimbo Birdland, na jina la Jaco likafika kila mahali palipo na mtu anayejua tofauti ya besi na gitaa la kawaida. Alibaki na kundi hilo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Sasa tuseme juu ya biashara. Viwanda vya vyombo vya muziki vimejua tangu zamani kwamba kijana hanunui mbao na nyuzi tu, hununua pia ndoto ya kuwa kama fulani. Kwa hiyo hufanya mikataba. Kwa kawaida mwanamuziki hupewa chombo bure au kwa bei ndogo, akubali kupigwa picha nacho. Na akiwa mkubwa zaidi, chombo hutengenezwa kwa matakwa yake, huandikwa jina lake, naye hulipwa fungu katika kila kimoja kinachouzwa. Gibson walifanya hivyo mwaka 1952 na Les Paul. Fender walikawia sana: gitaa lao la kwanza la namna hiyo, la Eric Clapton, lilitoka mwaka 1988. Hesabu mwenyewe, msomaji. Jaco alikuwa amekwisha zikwa.

Kwa maoni yangu, katika miaka ile aliitangaza Jazz Bass kuliko tangazo lolote ambalo kiwanda kingeweza kulilipia. Vijana walitafuta gitaa kama lile, wakang'oa vyuma, wengine wakaharibu chombo kizima kwa kukosa ufundi.

Miaka yake ya mwisho ni mizito kuisimulia. Alipatikana na ugonjwa wa akili, ule unaompandisha mtu juu kabisa kisha kumtupa chini, na kileo na madawa ya kulevya vikauzidishia. Kazi zikampungukia, ndoa zikavunjika, akawa analala katika bustani za New York. Gitaa lake lilivunjwa vipande vipande. Mafundi wakaliunganisha kwa subira. Haukupita muda, mwaka huo huo wa 1986, likaibwa katika bustani moja ya Manhattan. Alikuwa amelipa jina la utani Bass of Doom, yaani besi ya maangamizi, na ni vigumu kulisikia jina hilo leo bila kushtuka.

Alirudi Florida. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Septemba 1987 alizuiwa kuingia katika klabu moja ya Wilton Manors, akapigana na mlinzi wa mlango, akapigwa mpaka akazimia. Hakuzinduka. Alifariki tarehe 21 Septemba, umri wake miaka 35, akaacha watoto wanne. Aliyempiga alikiri kuua bila kukusudia, akakaa gerezani miezi michache tu.

Mwaka 1999 ndipo Fender walipotoa Jazz Bass ya Jaco Pastorius. Shingo haina vyuma, ubao umepakwa ile gundi ngumu, na kifuniko cha mbele hakipo, kama alivyokiondoa yeye. Tena katika karakana yao maalumu ya Corona, California, walitengeneza aina ya bei ya juu zaidi, ambayo mafundi huichubua rangi na kuikwaruza kwa makusudi ili gitaa jipya lifanane na lile lililochakaa mikononi mwake. Mimi sioni ubaya kumwiga mpigaji hodari. Lakini kuna jambo la kustaajabisha mtu anapolipa fedha nyingi kwa makovu ambayo mwenyewe aliyapata bure, kwa kazi na kwa taabu.

Jina pia ni mali ya kurithiwa. Sheria ya Florida hulilinda jina na sura ya marehemu kwa miaka 40, wala haviwezi kutumiwa katika biashara bila idhini ya wenye haki. Jina liliweza kulindwa na sheria hiyo. Lile gitaa la asili je?

Lilikuwa limepotea kwa karibu miaka ishirini lilipotokeza katika duka la magitaa mjini New York. Wajuzi walilichungua wakathibitisha kuwa ndilo. Mwenye duka alidai amelinunua. Jamaa wa Jaco walidai ni mali ya baba yao iliyoibwa. Mzozo ukaingia kwa mawakili, na jamaa hawakuwa na fedha za kuvutana muda mrefu. Mwaka 2010 Robert Trujillo, mpigaji besi wa kundi la Metallica, aliyekuwa akimhusudu Jaco tangu ujana, alitoa fedha zake mwenyewe kulikomboa, kwa makubaliano kwamba jamaa wakilihitaji wataweza kulichukua kwa gharama ile ile aliyoitoa yeye.