Joseph Murumbi: Aliyetaka Nyumba Yake Iwe Chuo

Marehemu Joseph Murumbi anakumbukwa na wengi kuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya, mtu aliyekalia kiti hicho kwa miezi michache tu katika mwaka 1966 kisha akakiacha kwa hiari yake. Mimi ni mtu wa pwani niliyekaa Kakuma miaka kadhaa nikisomesha, na kwa maoni yangu sifa yake kubwa haimo katika siasa. Imo katika vitu alivyovikusanya, na zaidi katika kazi aliyotaka vitu hivyo vifanye baada ya yeye kuondoka.

Habari zake zinatufaa sisi wa pwani. Nasi tumeiona milango ya nakshi ikibanduliwa, makasha ya njumu yakiuzwa, na sahani za kale zikitolewa katika vidaka vya majumba ya Lamu na Pate zikaenda kupamba kumbi za watu wasiojua zilitoka wapi. Wazee walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Murumbi alikuwa mmoja katika Waafrika wachache wa wakati wake walioshika daftari hilo.

MTOTO WA DAMU MBILI

Alizaliwa mwaka 1911 katika Bonde la Ufa, upande wa Eldama Ravine. Baba yake alikuwa Mgoa mfanyabiashara, na mama yake Mmaasai, binti wa ukoo wa laiboni. Alipokuwa mdogo alipelekwa India kusoma, akakulia huko mbali na mama, na aliporudi Kenya katika miaka ya thelathini alikuwa kijana aliyejua kuandika barua ya ofisini kuliko kuchunga ng'ombe. Katika nchi iliyowapanga watu kwa rangi, angeweza kujiweka upande wa baba na kupata nafuu. Yeye alichagua upande wa mama, akalishika jina la Murumbi.

Tangu mwaka 1941 alifanya kazi Somalia katika utawala wa kijeshi wa Waingereza, akakaa huko kiasi cha miaka kumi. Aliporudi, siasa za Kenya zilikuwa zimechemka. Mwezi Oktoba 1952 Jomo Kenyatta na wenzake walipokamatwa, Murumbi alishika kwa muda kazi ya ukatibu mkuu wa chama cha KAU, wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa njia fupi ya kwenda kizuizini. Mwaka 1953 alitoka nchini kwenda kuieleza dunia mambo ya Kenya. Alipita India na Cairo, kisha akaweka makao London, akakaa ugenini hadi mwaka 1962.

Hapa ndipo Turkana inapoingia katika maisha yake kwa mara ya kwanza, ingawa kwa mbali. Maana viongozi wale aliokuwa akiwatetea London walikuwa wamefungwa huku kwetu, kwanza Lokitaung, kisha Kenyatta akahamishiwa Lodwar mwaka 1959, akakaa hadi 1961. Serikali ya kikoloni iliichagua Turkana kwa sababu iliiona kuwa mwisho wa dunia, mahali ambapo mtu akitupwa husahauliwa. Nimewasikia watu wengi wakiizungumza Turkana kwa namna hiyo hiyo hata leo, kana kwamba hapa pana jua na mchanga tu.

London ndiko Murumbi alikoanza kukusanya. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini alizunguka katika maduka ya vitabu vya kale akinunua kila alichoweza juu ya Afrika: safari za wapelelezi, taarifa za wamisionari, barua, ramani. Aliona kwamba historia yetu ilikuwa imetawanyika katika rafu za wageni, na kwamba nchi itakayopata uhuru bila kuwa na kumbukumbu zake itakuwa kama mtu aliyeamka bila kujua jina la baba yake.

KITI CHA MAKAMU

Baada ya Uhuru alikuwa Waziri wa Nchi katika ofisi ya Waziri Mkuu, na kuanzia 1964 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwezi Februari 1965 rafiki yake mkubwa, Pio Gama Pinto, alipigwa risasi Nairobi. Mwaka uliofuata Oginga Odinga alipojiuzulu, Murumbi aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais, na kabla mwaka haujaisha naye akajiuzulu. Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya. Wengi waliomfahamu wameona kwamba kifo cha Pinto na mwendo wa siasa za siku zile vilimvunja moyo. Vyovyote iwavyo, alitoka bila kelele, akaajiriwa katika kampuni ya sigara, akawa pia kaimu mwenyekiti wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Ni nadra kumwona mtu akiacha cheo cha pili katika nchi na kuonekana ametua mzigo.

VIGODA VYA TURKANA

Mwaka 1970 aliwasili Kenya kijana mmoja Mmarekani, Alan Donovan, aliyekuwa ameacha kazi ya serikali yake huko Nigeria. Alisafiri hadi Turkana, akashangazwa na ufundi aliouona, akanunua vitu vya matumizi ya kila siku, kisha akavionyesha Nairobi. Murumbi alikwenda kuyatazama maonyesho hayo. Alivutiwa mno, akamwomba Donovan amkusanyie na yeye vitu kama hivyo. Urafiki uliotokana na vigoda na vyombo vya mbao vya Turkana ndio uliozaa African Heritage, jumba la sanaa na duka lililofunguliwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sabini na Murumbi, mkewe Sheila, na Donovan.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kidogo alichokiona Murumbi, kwani asiyeonyeshwa anaweza kukipita. Mzee wa Kiturkana hutembea na kigoda kidogo kiitwacho ekicholong, kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti. Mchana hukikalia, usiku hukiweka chini ya shingo. Zamani wanaume walisuka nywele zao kwa udongo na kuzipamba kwa manyoya ya mbuni, kazi ya siku nyingi, na kigoda kiliyazuia mapambo hayo yasigusane na mchanga mtu anapolala. Basi ni kiti, ni mto, na ni mlinzi wa heshima ya mwenyewe. Tazama pia kisu cha mkononi, abarait, duara la chuma linalovaliwa kama bangili, ukingo wake mkali ukifunikwa kwa ukanda wa ngozi ili usimdhuru mvaaji. Mtu wa kuhama hawezi kubeba kitu kisicho na kazi, na ndiyo sababu uzuri wake umeingia ndani ya kazi yenyewe.

Hapa Kakuma nimewaona wapita njia wakivinunua vigoda hivyo kwa wazee kando ya barabara, na kuviweka garini pamoja na chupa za maji. Sina ubaya na biashara. Mzee naye anahitaji unga. Ila kigoda kikishaondoka bila jina, kinabaki kipande cha mti.

NYUMBA YA MUTHAIGA

Nyumba ya Murumbi huko Muthaiga, Nairobi, ilijaa vitabu, nyaraka, stempu, vinyago, nguo na mapambo ya kila pembe ya Afrika. Vitabu peke yake vilihesabiwa kwa maelfu, vingi vikiwa vya kabla ya mwaka 1900. Katikati ya miaka ya sabini ilipombidi kuuza, wanunuzi wa nje walikuwapo tayari. Yeye aliiuzia Serikali ya Kenya nyumba na mkusanyo, kwa maafikiano kwamba mahali pale pawe chuo cha taaluma za Afrika, chenye maktaba na malazi ya wanafunzi na wataalamu.

Hilo la malazi na wataalamu ndilo kiini cha habari hii. Murumbi hakutaka ghala. Alitaka mahali ambapo vitu vinakaa pamoja na watu wanaovisomesha. Mfano ulikuwapo Afrika Mashariki. Huko Makerere, Bibi Margaret Trowell alianza mwaka 1937 kufundisha sanaa katika baraza ya nyumba yake, akaendelea hadi ikawa idara ya chuo. Yeye huyo alikuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda katika miaka ya vita, kwa hiyo wanafunzi walijifunza karibu na kazi za mababu zao. Mikononi mwake walipita Gregory Maloba wa Kenya, na Sam Ntiro na Elimo Njau wa Tanzania. Mwaka 1968 Makerere ikapata jumba lake la sanaa, ambamo mtu wa mjini anaweza kuingia akatazama, na mwanafunzi akawapo kumweleza. Makumbusho yaliyo mikononi mwa chuo huwa na faida hiyo: kitu kinahifadhiwa, kinachunguzwa, kisha kinarudishwa kwa umma kwa njia ya maelezo.

Maafikiano ya Muthaiga hayakutimizwa. Mkusanyo uliokolewa, lakini chuo hakikujengwa. Nyumba ilibomolewa na kiwanja kikagawanywa. Murumbi alikuwa amehamia Trans Mara, katika shamba lake la Intona. Alifariki mwezi Juni 1990, akazikwa Nairobi katika makaburi ya City Park, karibu na rafiki yake Pinto. Sheila alimfuata mwaka 2000, na bustani ya sanamu ikawekwa hapo kwa ukumbusho wao.

KILICHOBAKI

Sehemu kubwa ya mkusanyo huo leo imo katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, katikati ya Nairobi, ambako ukumbi wenye jina la Murumbi ulifunguliwa mwaka 2006. Nimeingia humo zaidi ya mara moja. Kiingilio ni kidogo na kazi zilizomo ni za kujivunia. Lakini nimewaona watoto wa shule wakipitishwa kwa safu, wakitazama kabati moja baada ya jingine bila mtu wa kuwasimamisha na kuwauliza kwa nini kigoda kina umbo lile. Nusu ya wasia wa Murumbi imetekelezwa, ile ya kutunza. Nusu ya kusomesha ingali inadai.

Mtoto wa Kakuma hawezi kwenda Nairobi kukitazama kigoda cha babu yake. Mifupa ya yule mvulana wa kale iliyopatikana Nariokotome mwaka 1984, iliyoifanya Turkana ijulikane ulimwenguni, nayo imehifadhiwa Nairobi. Kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa hapa mwaka 1992 imeleta Wasudani, Wasomali, Wakongo na wengineo, kila mmoja na ufundi wa kwao: ususi, ushonaji, uchongaji. Watu wa namna ile ile ambayo Murumbi aliizungukia Afrika nzima kuitafuta wanakaa kando ya mto Tarach, na watoto wao wamo madarasani mwetu.

Lodwar sasa ina chuo kikuu kishiriki. Chumba kimoja chenye kabati, daftari la majina ya mafundi, na mwanafunzi anayelipwa kuwapokea watoto siku za Jumamosi, kingetosha kuanzia. Bibi Trowell alianza na baraza. Na kwetu pwani, ambako vyuo vikuu vimekwisha fika Mombasa na Kilifi, swali ni hilo hilo: mtoto wa Lamu aliyeipita milango ya nakshi tangu kuzaliwa, nani amemfundisha kuisoma? Murumbi aliacha cheo, akaacha nyumba, ili swali hilo lisikose jibu.