John Boyd Dunlop, Mganga wa Wanyama Aliyefunga Upepo Ndani ya Gurudumu

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, nchi ya Uskoti. Wazee wake walikuwa wakulima, na tangu utoto wake alizoea ng'ombe na farasi. Alisomea uganga wa wanyama katika mji wa Edinburgh, akafaulu hali angali kijana wa miaka 19. Mwaka 1867 alivuka bahari akaenda kukaa Ayalandi, na baadaye akafanya kazi yake katika mji wa Belfast. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu ndefu, asiyependa makuu. Na kwa bidii yake kazi ile ikakua, hata watu wa mbali wakamjua.

Katika siku hizo magari ya barabarani yalivutwa na farasi, na magurudumu yake yalivikwa pete ya chuma. Njia za Belfast zilitandikwa mawe. Kila gurudumu lilipogonga jiwe, pigo lile lilipanda katika gari likamfikia mwenye kukaa juu yake, mpaka viungo vikamuuma. Mtu wa Pemba aliyepata kupanda gari la ng'ombe lenye pete za chuma, likishuka kilima chenye mawe, atafahamu upesi habari hiyo. Baiskeli nazo zilivikwa mpira, lakini mpira ule ulikuwa mgumu, haukuwa na uwazi ndani, na taabu yake haikupungua sana.

Dunlop alikuwa na mtoto mwanamume aliyependa kupanda baiskeli yake ndogo ya magurudumu matatu. Mtoto alilalamika kwamba njia inamtikisa mno, naye alitaka kwenda mbio kuliko wenzake. Baba akafikiri. Watu wengine waliotafuta dawa ya mtikiso waliweka springi chini ya kiti. Yeye aliona kwamba dawa iwekwe pale pale pigo linapoingia, yaani baina ya gurudumu na ardhi. Tena akaona kwamba hakuna kitu chepesi, chenye kubonyea na kurudi, kinachoupita upepo.

Basi mwaka 1887 alitwaa ubao wa mviringo, akatengeneza bomba jembamba la mpira, akalizungusha ukingoni mwa ule ubao na kulifunika kwa kitambaa cha kitani kilichopigiliwa misumari. Kisha akalijaza upepo kwa pampu ya kujazia mpira wa kuchezea. Akaenda uani, akalivingirisha gurudumu la baiskeli ya mtoto lenye mpira mgumu. Likaenda kidogo, likalegea, likaanguka. Akalivingirisha lile lenye upepo kwa nguvu zile zile. Likavuka ua wote, likagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma. Hapo akajua kwamba upepo hauondoi mtikiso tu, bali huokoa na nguvu za mwenye kuendesha. Akatengeneza magurudumu mengine ya namna ile, akayatia katika baiskeli ya mwanawe.

Serikali ya Uingereza ilimpa hati ya kulinda uvumbuzi wake mwezi wa Desemba 1888. Hata hivyo watu wengi walicheka, kwa kuwa matairi yale yalikuwa manene, nao walidhani kitu kinene hakiwezi kwenda mbio. Tarehe 18 Mei 1889 kulikuwa na mashindano ya baiskeli mjini Belfast. Kijana mmoja, jina lake Willie Hume, ambaye hakuhesabiwa kuwa bora kuliko wenziwe, alipanda baiskeli yenye matairi ya Dunlop. Akashinda mbio zote nne alizoingia. Kicheko kikakoma siku ile. Mfanya biashara mmoja aliyeitwa Harvey du Cros, ambaye wanawe walikuwa waendeshaji hodari, aliona jambo hilo, na mwaka ule ule kampuni ikaundwa katika mji wa Dublin.

Lakini furaha ile ilifuatwa na pigo. Dunlop alijulishwa kwamba hati yake si halali. Mtu mwingine wa Uskoti, Robert William Thomson, alikuwa amepata hati ya gurudumu la upepo tangu mwaka 1845, akalitia katika magari ya farasi. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa, nalo likasahauliwa. Thomson alikufa mwaka 1873. Dunlop hakuwa na habari zake hata kidogo, wala hakuiba. Lakini sheria humpa haki aliyetangulia. Kampuni ikaokoka kwa kununua hati za watu wengine waliovumbua njia bora za kushikisha tairi katika gurudumu.

Mwaka 1895 Dunlop alijitenga na kampuni, akauza sehemu kubwa ya fungu lake. Mwaka uliofuata kampuni ile iliuzwa kwa pauni milioni 3, naye hakufaidika na mali hiyo. Alikaa Dublin katika maisha ya kiasi, akafa huko tarehe 23 Oktoba 1921, umri wake miaka 81. Jina lake lilikuwa limekwisha enea duniani, limeandikwa ubavuni mwa matairi ambayo yeye hakuwa na fungu kubwa ndani yake.

Kabla hajafa aliona kazi yake ikiingia katika motokaa. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliendesha motokaa yenye matairi ya upepo katika mashindano ya kutoka Paris kwenda Bordeaux na kurudi. Walipata pancha nyingi njiani, lakini walirudi Paris, na watu wakaona kwamba upepo waweza kubeba hata motokaa. Tangu hapo likazuka swali ambalo kila mwenye gari hulikabili: je, upepo utiwe kiasi gani?

Swali hilo ni kubwa, maana tairi si mpira ulio mzito; linalobeba gari ni upepo ulio ndani. Upepo ukipungua, tairi hulala, kingo zake mbili huliwa, ubavu hujikunja kila linapozunguka, joto huzidi, na mwisho tairi huweza kupasuka gari likiwa mbioni. Upepo ukizidi, tairi huvimba katikati, sehemu inayogusa ardhi huwa ndogo, gari hurukaruka, na breki hazishiki vema. Kwa hiyo pungufu ni hatari, na ziada ni hatari pia.

Mwenye gari la mbio akinunua matairi mapya ya ukubwa ule ule, haimfai kubahatisha. Kwanza hutazama kibandiko kilichopo karibu na mlango wa dereva, ambapo waliounda gari wameandika kipimo. Magari mengi madogo hutaka ratili 30 mpaka 35 hivi kwa kila inchi ya mraba, na mara nyingi matairi ya mbele na ya nyuma hayalingani, kwa sababu uzito wa injini hukaa upande mmoja. Hesabu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe siyo kipimo cha kufuata, bali ni mpaka usiovukwa. Pili, hupima tairi likiwa baridi, kabla gari halijatembea. Kwani joto likizidi kwa digrii 5 au 6 tu za sentigredi, kipimo hupanda karibu ratili 1. Katika nchi ya jua kali kama Pemba, asubuhi mapema ndiyo saa ya kupima. Tatu, huendesha polepole kwa kilometa mia chache za kwanza, kwa maana uso wa tairi jipya ni laini na bado haujashika njia sawasawa.

Waendeshaji wa mashindano huongeza uangalifu mwingine. Hupaka chaki ukingoni mwa tairi mpaka ubavuni, kisha huzunguka kona kwa kasi na kurudi kutazama. Chaki ikifutika mpaka chini ubavuni, upepo ni mdogo. Chaki ikibaki juu ya ukingo unaopaswa kugusa ardhi, upepo umezidi. Ikifutika mpaka mwisho wa ukingo huo tu, kipimo kimepatikana. Tena hupima joto la tairi mahali patatu: katikati, kando ya ndani na kando ya nje. Katikati pakiwa na moto kuliko kando, upepo hupunguzwa. Kando mbili zikiwa na moto kuliko katikati, upepo huongezwa.

Dunlop alipokuwa akijaza bomba lake la kwanza, Pemba haikuwa na motokaa hata moja. Karafuu zilipita vilimani juu ya vichwa vya watu na migongo ya punda. Leo abiria wa kutoka Mkoani kwenda Chake Chake na Wete, na mtoto aendaye shule kwa baiskeli, wote huketi juu ya upepo uliofungwa. Upepo huo hauonekani, nao hupungua kidogo kidogo bila kupiga kelele. Kwa hiyo dereva mwenye busara huupima kabla ya safari, wala hangoji kona ya kilima au mvua ya masika imwambie kwamba haukutosha.