George Lilanga: Nani alimuiga nani, Mmakonde au kijana wa New York?

Weka mchoro wa George Lilanga kando ya mchoro wa Keith Haring wa Marekani. Mistari minene, rangi zinazowaka, viumbe wanaocheza mpaka hakuna nafasi tupu. Asiyejua atasema Mmakonde huyu kamuiga Mmarekani.

Miaka inasema vingine. Lilanga alizaliwa 1934 kusini mwa Tanzania. Haring alizaliwa 1958, na michoro yake ya chaki kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi New York ilianza 1980. Miaka miwili kabla, 1978, kazi za Lilanga zilikuwa zimeshaoneshwa Washington. Ndiyo maana wapo wanaodai Haring ndiye aliyechukua kwa mzee wetu. Hata kama ni kweli, si lazima uwe wizi. Mtu anaona kitu, anakisahau, halafu siku moja mkono unakichora naye anaamini kakibuni mwenyewe.

Na Lilanga naye alitoka mahali. Kwa Wamakonde, kuanzia Chiwata hadi Newala, watoto walikua wakiona wachezaji waliovaa vinyago usoni kwenye sherehe za jando na unyago. Lilanga alianza kuchonga kwa mihogo, ambayo ni laini na haina gharama, kisha akahamia kwenye mpingo. Alichonga mashetani, mtindo ambao wachongaji wa Kimakonde kina Samaki Likankoa walishauanzisha Dar es Salaam miaka ya 1950. Wanunuzi wakubwa walikuwa wageni, na soko lilitaka kinyago kinachofanana na kilichouzika jana. Jina la mchongaji halikuwa na uzito.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lilanga akaingia Dar. Ndugu yake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa na Sista Jean Pruitt. Kazi yenyewe? Mlinzi wa usiku! Lakini kipaji hakikujificha, akaishia upande wa wasanii.

Pale ndipo alipokutana na ngozi za mbuzi, batiki, mabati na rangi. Shetani aliyekuwa mweusi wa mpingo akabadilika kabisa. Masikio makubwa, midomo iliyovimba, tumbo mbele, miguu yenye vidole viwili tu. Na hamtishi mtu. Yuko kilabuni anakunywa, anagombana na jirani, anacheza ngoma, anabeba mtoto. Majina ya picha Lilanga aliyaandika kwa Kiswahili, mengine marefu kama habari nzima ya mtaani. Umbo la shetani alilikuta kwa waliomtangulia, lakini kile kijiji chenye kelele na vituko ni chake. Hata Haring hana.

Umaarufu ukaja, kazi zake zikaingia kwenye mkusanyiko wa Jean Pigozzi, mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa sanaa ya Afrika. Kisukari nacho kikaja, akakatwa miguu. Akaendelea kuchora kwenye kiti cha magurudumu, huku vijana aliowafundisha wakimsaidia kujaza rangi kwa mtindo wake, na kazi ikitoka kwa jina lake.

Alifariki tarehe 27 Juni 2005. Picha zenye sahihi ya Lilanga zimeendelea kuingia sokoni, zikiwemo ambazo hakuwahi kuzigusa.