Johann Krapf: Mtumishi Aliyekubali Kujipima

Mtu asimamaye Korogwe na kuinua macho kaskazini huiona milima ya Usambara. Mwaka 1848 Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, aliipanda milima hiyo hadi Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa. Alirudi tena mwaka 1852, na Kimweri akakubali walimu wa Injili waje nchini mwake. Krapf alishuka na kibali hicho, lakini hakuweza kukifanyia kazi. Ili kuelewa jinsi alivyobeba mzigo huo, ni lazima kuanza mbali zaidi.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, mwana wa mkulima. Mwaka 1827 aliingia chuo cha wamisionari huko Basel, Uswisi. Ingekuwa rahisi kuendelea na masomo na kuitwa mtumishi wa Mungu. Lakini alipojichunguza aliona mashaka juu ya wito wake, akaondoka chuoni na kurudi nyumbani. Alichukua miaka kusoma na kuomba kabla ya kujitoa upya. Mwaka 1837 alisafiri kwenda Uhabeshi, safari hii akiwa na hakika.

Hakika hiyo haikumwondolea maumivu. Mtoto wao wa kwanza, yeye na mkewe Rosine walimzika njiani katika nchi kame. Mwaka 1844 walifika Mombasa. Mwezi Julai mwaka huo Rosine alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto mchanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Rosine amelala upande wa Nyali, akingoja parapanda ya Bwana. Krapf hakuwaficha waliomtuma kwamba kazi hii ingegharimu makaburi, wala hakuomba kurudishwa kwao.

Alikuwa na ndoto kubwa: mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi mwa Afrika. Mwaka 1851 ndoto hiyo ilimpeleka Ukambani. Karibu na mto Tana wanyang'anyi waliushambulia msafara, na Kivoi, mwenyeji wake, akauawa. Krapf alitoroka peke yake porini, akitembea usiku kwa njaa, huku akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki yake. Alipokuja kuandika kitabu cha safari zake hakujifanya shujaa. Alieleza jinsi alivyokimbia, alivyopotea na alivyoteswa na kiu. Tena alikiri kwamba mpango wake wa Ukambani haukuwezekana bila vituo vya kati njiani.

Mwaka 1853 afya ilimshinda, akarudi Ulaya. Waliompokea Kristo kwa mkono wake walikuwa wachache mno. Mwaka 1862 alijaribu tena, akawasaidia Wamethodisti kuanzisha kazi Ribe, lakini mwili ulikataa. Vuga haikuwa fungu lake. Alifanya lile aliloliweza: alikaa na maneno ya Kiswahili aliyoanza kuyakusanya Mombasa. Tarehe 26 Novemba 1881, huko Kornthal, alikutwa amefariki akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, baada ya yeye kulala.

Wengine walikuja kuhubiri katika milima ya Usambara. Mwaka 1903 wamisionari Waadventista wa kwanza kutoka Ujerumani walifika Upare, jirani ya kaskazini. Kamusi na sarufi ya Krapf vilikuwa vimekwisha kutangulia.

Krapf hakukua kwa sababu ya kushinda kila mara. Alikua kwa sababu kila aliposhindwa alisema ukweli mbele za Mungu, akakubali uchungu wake, kisha akauliza ni kazi gani iliyobaki mkononi.

Maswali ya kujadili:

1. Soma Zaburi 139:23, 24. Kwa nini ni vigumu kumwomba Mungu atuchunguze wakati watu wanatusifu?

2. Soma Waebrania 12:11. Kuna tofauti gani kati ya kutafuta mateso na kukubali uchungu unaokuja katika njia ya utii?

3. Je, kuna huduma unayoishikilia kanisani ambayo moyoni unajua imekushinda? Ungeanzaje kusema ukweli juu yake, na kundi lako likusaidieje bila kukuaibisha?